Redio ya ndege ya Amelia Earhart: mtambo uliosikika bila kupatikana

Mtambo wa kurushia aliokuwa nao Amelia Earhart, rubani wa Marekani aliyepotea akijaribu kuizunguka dunia kwa ndege, ulikuwa mzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi huanza kwa kuulaumu. Ukichambua vifaa vya redio vilivyofungwa ndani ya Lockheed Electra 10E yenye namba NR16020, kimoja kimoja, utaona kila kimoja kinajitetea. Tatizo ni seti nzima jinsi ilivyopangwa, ilivyopunguzwa na ilivyopelekwa angani bila kupimwa sawasawa. Ndiyo maana naitathmini kama seti, katika hali iliyokuwa nayo asubuhi ya tarehe 2 Julai 1937 pale Lae, New Guinea, ndege ilipoondoka kwenda kutafuta kisiwa cha Howland katikati ya Pasifiki.

Nilikuwa afisa wa redio melini, enzi zile ambapo kazi yetu ilikuwa Morse, yaani herufi zinazopigwa kwa milio mifupi na mirefu, kwenye masafa ya 500 kilohezi. Kabla meli haijang'oa nanga, mimi ndiye niliyekagua na kutia sahihi kwamba chumba cha redio kiko tayari. Maswali ya ukaguzi ule ni mawili tu: ukipatwa na balaa, utasikika? Na ukisikika, waliokusikia wataweza kujua uko wapi? Kwa maswali hayo hayo naipima redio ya Electra.

Swali la kwanza inalijibu vizuri. Mtambo ulikuwa Western Electric 13C, wati 50, umefungwa nyuma kwenye chumba cha ndege na kuongozwa kwa swichi kutoka kwenye kiti cha rubani. Masafa yake yalifungwa kwa kristali, kwa hiyo rubani hakuhitaji kuhangaika kuzungusha vifundo huku anaendesha: 3105 kilohezi usiku, 6210 mchana, na 500 kwa dharura. Mpangilio huo una akili. Usiku masafa ya chini husafiri mbali zaidi, jua likichomoza unapanda juu. Wati 50 kwa sauti ya mtu si nyingi, lakini kwa ndege ya wakati ule zilitosha.

Na zilitosha kweli. Meli ya Walinzi wa Pwani ya Marekani, Itasca, iliyokuwa karibu na Howland kumsubiri, ilianza kumsikia kwa tabu usiku, na kadiri alivyokaribia sauti ikazidi kunenepa. Saa 1:42 asubuhi kwa saa ya meli alisema wanaamini wako juu ya meli lakini hawaioni, mafuta yanapungua, hawajaweza kuipata meli kwa redio, na wanaruka futi 1,000. Wakati huo waendeshaji wa redio walikuwa wanaandika nguvu ya sauti kuwa 5, yaani kiwango cha juu kabisa. Leo Bellarts, mkuu wa chumba kile cha redio, alieleza baadaye kwamba sauti ilikuwa kubwa kiasi cha kutoka nje kuangalia angani. Mtu aliyewahi kukaa na vichwa vya kusikilizia masikioni anajua hali hiyo: sauti inajaa kichwani hadi unahisi mwenye kusema yuko nyuma ya mlango.

Kwa hiyo mtambo wa kurushia nimeupitisha.

Kipokezi ni Western Electric 20BA, kilichowekwa chini ya kiti cha rubani msaidizi. Hapa ndipo mambo yanapoanza kukwama. Usiku kucha Itasca ilimwita kwa sauti na kwa Morse kwenye 3105, na hakuna dalili kwamba alisikia hata neno moja. Kisha akaomba warushe kwenye 7500, wakarusha herufi A mfululizo, na saa 2:03 akajibu kwamba amezipata ishara zao ila hawezi kupata uelekeo. Hilo ndilo jambo la pekee aliloonyesha kulisikia kutoka kwenye meli ile.

Fundi yeyote akisikia hadithi hiyo anauliza kuhusu antena. Kipokezi kinasikia kupitia antena ya kitanzi iliyo juu ya chumba cha rubani, lakini hakisikii kwa njia ya kawaida. Basi kipokezi chenyewe ni kizima, njia ya kuingilia ndiyo imekatika. Kuna filamu ya ndege ikiondoka Lae, na baadhi ya watafiti wanaoichunguza wanaona kwamba antena ya chini ya tumbo la ndege iling'oka wakati ndege, nzito kwa mafuta, ikijikokota kwenye uwanja wa nyasi. Wapo wanaowapinga. Mimi naiona hoja hiyo ina uzito, kwa sababu inalingana na kilichosikika na kisichosikika. Na kama ndivyo ilivyokuwa, basi waya mmoja ulioning'inia chini ya tumbo ndio uliomfanya rubani asafiri zaidi ya saa ishirini akiwa kiziwi bila kujua.

Sasa kitanzi. Kilikuwa cha Bendix, cha kisasa kwa wakati wake, na ndicho kilichotakiwa kumfikisha Howland. Nieleze kinavyofanya kazi, maana bila hili huwezi kuelewa kosa lililofanyika. Melini tulikuwa na gurudumu dogo la mkono. Unashika kituo, unasikia mlio, kisha unaligeuza gurudumu polepole. Mlio unapanda, unashuka, unashuka tena, halafu ghafla unazama kabisa. Unarudi nyuma kidogo, unaupata. Unasogeza mbele, umezama tena. Pale unapozama ndipo penye uelekeo, kwa sababu wakati huo kitanzi kimekipa kituo ubavu wake uliokufa. Kazi yote ni kutafuta ule ukimya. Kwenye masafa ya chini, mchana, hata kijana anayejifunza anaweza kuupata akiwa na subira.

Kwenye 7500 kilohezi hali ni nyingine kabisa. Mawimbi hayaji kwa njia moja iliyonyooka. Mengine yanashuka kutoka angani, mengine yanagonga mwili wa chuma wa ndege na kurushwa tena upande mwingine. Unageuza kitanzi mzunguko mzima na mlio haufi popote. Ndivyo alivyosema yeye mwenyewe: ishara ninazo, ukimya siupati. Kifaa hakikuwa kimeharibika. Kiliombwa kazi ambayo hakikutengenezewa, na masafa hayo aliyaomba yeye mwenyewe. Inaniuma kuliandika hilo, kwa sababu naamini mwendeshaji mmoja tu aliyesomea redio angemzuia kabla hajafika Lae.

Na mwendeshaji huyo alikuwepo mwanzoni. Harry Manning, nahodha wa meli aliyeijua Morse vizuri, alikuwa kwenye jaribio la kwanza la Machi 1937, lililoishia kwenye ajali ya kuruka pale Honolulu. Baada ya hapo akaondoka. Jaribio la pili likaenda na watu wawili, Earhart na mwongoza njia Fred Noonan, na wote wawili walikuwa dhaifu katika Morse. Ndipo ikaonekana hakuna haja ya kubeba waya mrefu wa kuburuta nyuma ya ndege, ukaachwa Miami pamoja na kifaa cha kupigia Morse.

Hapo ndipo seti hii inaanguka mbele ya macho yangu. Waya ule ndio ulioipa uhai kristali ya 500. Bila antena ndefu, 500 kilohezi kwenye ndege ndogo ni kama haipo. Na 500 yalikuwa masafa ya dharura ya bahari zote. Meli zenye redio ziliyasikiliza, na nyingi zilikuwa na kitanzi cha kutafutia uelekeo kilichotengenezwa kwa masafa hayo hasa. Itasca nayo ilikuwa na kifaa cha namna hiyo. Kwenye ukuta wa chumba cha redio tulikuwa na saa yenye vipande viwili vyekundu, dakika ya 15 na dakika ya 45 ya kila saa. Mshale ukifika hapo, kila kituo cha baharini kinanyamaza dakika tatu, kinasikiliza tu, kama yupo anayeita kwa sauti dhaifu. Sheria hiyo ilikuwepo tayari mwaka 1937. Na Earhart alijipangia kuita dakika zipi? Robo baada ya saa, na robo kabla ya saa. Dakika zile zile. Nikiifikiria ratiba hiyo huwa nasimamisha kazi niliyo nayo.

Upande wa upimaji kabla ya safari ni mfupi na unatisha. Darwin, Australia, iligundulika fyuzi ya kipokezi cha uelekeo imeungua, ikabadilishwa. Lae akajaribu kupima uelekeo wa kituo cha pale, akakosa ukimya. Akahitimisha kwamba alikuwa karibu mno na kituo. Huenda. Lakini jaribio lililoshindwa si jaribio, linarudiwa mbali zaidi, kwenye masafa mengine, mpaka likubali. Chombo pekee cha kukifikia kisiwa chenye urefu wa kilomita mbili na ushei, baada ya zaidi ya kilomita 4,000 za maji matupu, kiliondoka bila kuwahi kuonyeshwa kwamba kinafanya kazi. Sahihi yangu isingewekwa hapo.

Huduma ya ardhini nayo ina lawama zake. Meli ilitumia saa ya kanda yenye nusu saa ndani yake, yeye alitumia saa ya Greenwich. Walipokubaliana kuitana kwenye nusu saa, kila mmoja alikuwa na nusu saa yake. Kwenye kisiwa chenyewe paliwekwa kifaa cha kutafuta uelekeo kwenye masafa ya juu, kinachotumia betri, akakaa nacho Frank Cipriani. Kiliachwa kimewashwa usiku na betri zikalegea kabla ya muda uliohitajika. Na hata zingekuwa nzima, Earhart alikuwa anasema maneno machache na kukata. Huwezi kugeuza kitanzi kwa sekunde saba. Saa 2:43 akasema wako kwenye mstari wa 157 na 337, yaani nyuzi za dira, wanakimbia kaskazini na kusini, atarudia ujumbe kwenye 6210. Baada ya hapo meli haikumsikia tena akiwa angani.

Wengi huishia hapa. Mimi naona sehemu nzito ya kuipima redio hii inaanzia hapa, kwa sababu siku kadhaa zilizofuata watu sehemu mbalimbali waliripoti kumsikia.

Kwanza nguvu ya umeme, maana wito wa dharura hauji hivi hivi. Mtambo ule ulikula betri haraka, na betri zilichajiwa na jenereta ya injini ya kulia. Lockheed walisema wazi kwamba ndege ikiwa majini redio yake haiwezi kufanya kazi. Kwa hiyo mambo ni mawili. Kama hata wito mmoja kati ya ile ni wa kweli, ndege ilikuwa imesimama juu ya kitu kigumu, na injini ya kulia iliweza kuzunguka. Kama ndege ilizama, basi kila kilichosikika ni uongo au makosa. Hakuna njia ya katikati, na ndiyo sababu ubishi huu haujaisha.

Kundi la TIGHAR, linalochunguza ajali za kihistoria za ndege, lilikusanya ripoti 120 na kuziona 57 kuwa za kuaminika. Idadi hiyo kwangu ni kubwa mno. Masikio ya watu wenye shauku husikia wanachokisubiri, na tusisahau kwamba Itasca yenyewe ilikuwa inamwita kwenye 3105 mchana na usiku. Mtu mbali, kwenye kelele za hewa, akisikia "Earhart" na herufi KHAQQ, alama yake ya wito, angejuaje kama ni yeye au ni wanaomtafuta? Wadanganyifu nao walikuwepo. Kazi ya kuchuja ni ngumu na nawaheshimu walioifanya, ila mimi ningekata zaidi.

Ripoti ya msichana wa miaka 15 wa St. Petersburg, Florida, ndiyo inayopendwa zaidi. Alikuwa akisikiliza mawimbi mafupi nyumbani kwao na kuandika kwenye daftari alichodhani anakisikia: mwanamke anayejitaja kuwa Amelia Earhart, mwanamume aliyechanganyikiwa, maji yanayopanda. Je, wati 50 kutoka Pasifiki zinaweza kufika Florida? Kwenye 3105 mchana, hapana. Lakini mtambo wa valvu hautoi masafa yake pekee, hutoa pia mazidisho yake, yaani masafa hayo mara mbili, mara tatu na kuendelea, kwa nguvu ndogo, na mazidisho ya juu ya 3105 yanaangukia kwenye masafa ambayo mchana huruka mbali sana. Kwa hiyo haliwezi kufutwa kwa kusema haiwezekani. Linawezekana, kwa bahati kubwa. Daftari nalipa heshima, lakini ningekuwa mkaguzi nisingelitumia kupeleka meli.

Ujumbe uliopelekea meli kweli ulikuwa mwingine. Kituo cha Jeshi la Maji cha Wailupe, Hawaii, kilinasa vipande vya Morse iliyopigwa vibaya: 281 kaskazini, Howland, wito KHAQQ, halafu maneno kuhusu kutoweza kukaa juu ya maji kwa muda mrefu. Itasca ikakimbilia maili 281 kaskazini ya Howland. Haikukuta kitu. Morse iliyopigwa vibaya inalingana na mtu asiyeijua, lakini pia inalingana na kelele zilizosomwa kwa matumaini. Nikiusoma ujumbe ule naona vipande vya sentensi ambavyo kila mtu anaweza kuviunga atakavyo.

Kinachonifanya nisiufunge mjadala ni vipimo vya Pan American. Kampuni hiyo ilikuwa na vituo vya kuongoza ndege zake za majini kuvuka Pasifiki: Mokapu kwenye kisiwa cha Oahu, Midway, na Wake. Noonan mwenyewe alikuwa amewahi kuongoza njia kwenye safari hizo. Vituo hivi vilikuwa na vifaa vya kutafutia uelekeo vya Adcock, vilivyotengenezwa kwa ajili ya masafa ya juu, na waliovitumia ilikuwa ndiyo kazi yao ya kila siku. Wakanasa ishara dhaifu kwenye 3105, masafa ambayo eneo lile halikuwa na ndege nyingine ya kuyatumia, wakachukua uelekeo. Ukiichora mistari ile kwenye ramani, kadhaa inapita karibu na visiwa vya Phoenix, kusini-mashariki ya Howland. Humo kipo kisiwa cha Gardner, leo Nikumaroro cha Kiribati, kama kilomita 650 kutoka Howland, kikiwa karibu na ule mstari wa 157 na 337. Vipimo hivyo vilikuwa hafifu, na walioviandika walisema hivyo wenyewe. Hata hivyo mwendeshaji anayeandika kwamba kipimo chake ni hafifu ndiye ninayemwamini kuliko anayesikia sentensi nzima.

Wanaoshikilia Nikumaroro wanasema ndege ilitua kwenye mwamba mpana wa matumbawe wakati maji yamekupwa, na miito ikawa inafuata maji: yakipwa injini inawashwa, yakijaa wananyamaza. Tarehe 9 Julai ndege za meli ya kivita ya Marekani, USS Colorado, ziliruka juu ya kisiwa hicho. Luteni John Lambrecht aliandika kwamba dalili za watu kuishi pale hivi karibuni zilionekana wazi, lakini ndege hawakuiona wala mtu hakujitokeza. Meli ya kubeba ndege Lexington, yenye ndege zake nyingi, ikachana bahari upande mwingine mpaka utafutaji ukakoma siku kama kumi baadaye. Mpaka leo Electra haijapatikana, si kwenye mwamba ule wala kwenye kilindi.

Basi hukumu yangu kuhusu seti hii. Mtambo wa 13C ningeuchukua tena bila kusita. Kipokezi cha 20BA pia, ila antena yake isingekaa chini ya tumbo kwenye viwanja vya nyasi. Waya wa kuburuta ungerudi ndani, na mtu wa tatu wa kupiga Morse, hata kama uzito wake ungepunguza mafuta. Kitanzi kingebaki, na Itasca ingeombwa kurusha kwenye masafa ambayo kitanzi kinayaweza, yaani chini, si 7500. Haya yote yalipatikana mwaka 1937, hakuna nililolitoa mbele ya wakati wake.

Na kama haya yote yangeshindikana, ningeandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi iliyobandikwa mbele ya rubani: ukiita, bonyeza kitufe cha kipaza sauti na ukishikilie dakika mbili, hata kama huna la kusema.